Sauti ya Bi Somoe

Sogeeni karibu. Watoto mbele, watu wazima nyuma, na mwenye simu aizime au aikalie, maana leo hatusimulii ya sultani na binti yake. Leo ni vijana watatu, bibi mmoja na kamera moja. Kuleni karanga zenu, lakini msitafune kwa kelele. Mwisho wa hadithi hii kazi itakuwa yenu, na ambaye hakusikiliza atajulikana.

Basi palikuwa na vijana watatu wakisomea filamu katika chuo kimoja mjini Tanga, na kila mmoja wao Mungu alikuwa amempa chake.

Wa kwanza ni Mwanakheri, aliyepewa jicho. Ukienda naye kwa mama ntilie kunywa chai, wewe unaiona chai, yeye anauona mvuke unavyopita mbele ya dirisha, kisha anakisogeza kikombe chako kidogo kushoto bila kukuomba ruhusa. Siku moja alisimama katikati ya barabara kutazama mwanga ulivyomwangukia muuza maji. Mwenye baiskeli akamkosakosa, na aliyekasirika ni Mwanakheri, eti baiskeli imemharibia picha.

Wa pili ni Shemdoe, mtoto wa Lushoto, aliyepewa sikio. Akiwa kalala, shuka hadi kichwani, atakuambia ni nani anayepita koridoni kwa mlio wa ndala zake, na kama ndala zenyewe ni mpya. Mchana kutwa alitembea na hedifoni shingoni. "Jicho lina kope," alikuwa akisema, "ukichoka unalifunga. Sikio Mungu hakulifanyia mlango." Wenzake walimcheka, lakini akirekodi yeye, hata mchele ukimiminwa kwenye sinia ulisikika punje kwa punje.

Wa tatu ni Riziki, na huyu ndiye tutakayekwenda naye bega kwa bega. Riziki hakuwa na jicho la ajabu wala sikio la ajabu. Yeye alipewa subira ya kuunga. Alikuwa mhariri: wenzake wakileta picha na sauti, yeye hukaa nazo mbele ya kompyuta, akate hapa, aunge pale, mpaka vipande vingi viwe kitu kimoja kinachopumua.

Maisha yake yalikuwa hayohayo kila kukicha. Asubuhi chai na kitumbua, kisha chumba cha kuhariria, ambacho feni yake haizunguki mpaka ipigwe kofi. Hata akitoka nje, kichwa kiliendelea kukata. Mwenye nyumba akianza kulalamikia bomba, Riziki hujisemea moyoni, "Hapa tungekata." Likizo ikifika, akimchagulia mama yake mchele, vidole vinatupa chuya na yeye anawaza kwamba kumbe hii ndiyo kazi yake ileile, kutoa kisichotakiwa mpaka kinachotakiwa kionekane.

Mapenzi hayo yalianzia Korogwe, katika banda la video nyuma ya soko, alipokuwa mtoto wa kukaa chini kwenye mkeka. Wenzake walishangilia ngumi na mateke. Riziki alishangaa mlango. Mtu anaushika mlango akiwa nje, na papo hapo tunamwona kwa ndani, anaingia. Ni nani aliyetutoa nje akatuweka ndani? Mbona hakuna aliyehisi kubebwa? Alimuuliza mwenye banda, akajibiwa, "Nyamaza utazame." Tangu siku ile alijua kwamba katika kila filamu yupo mtu asiyeonekana anayewabeba watazamaji mikononi, na akatamani mtu huyo awe yeye.

Lakini watatu hawa, pamoja na vipawa vyao vyote, hakuna aliyekuwa na kamera. Chuo kilikuwa na moja ya kuazimwa kwa zamu, nayo ilikuwa kiziwi: tundu lake la sauti lilikuwa limekufa, inaona lakini haisikii. Ndiyo maana sauti ilibidi inaswe kando kwa mashine nyingine. Na siku ukihitimu, unarudisha kila kitu hadi waya. Baba yake Riziki alishasema waziwazi: "Mwanangu, ukimaliza uje na kitu cha kufanyia kazi. Ukija mikono mitupu, duka la kanga linakungoja." Mwanakheri na Shemdoe nao walikuwa na maduka yao yaliyowangoja, kila mmoja kwa namna yake.

Haya, sasa twendeni Ngamiani, nyumbani kwa Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa msimulizi. Akianza hadithi, wenye vyungu motoni waliviacha vikaungua na wala hawakujuta. Mwalimu alipowapa vijana wetu zoezi la kumpiga picha mzee mwenye sanaa yake, hawakubishana, wote walimtaja yeye. Wakamwendea mchana mmoja na ile kamera kiziwi, kinasa sauti, na kibao.

Kibao mnakijua? Ni kile cha mbao chenye mdomo, kinachogongwa pa! mbele ya kamera kabla mtu hajasema. Si pambo kile. Picha iko kwenye mashine hii, sauti iko kwenye mashine ile, na pigo lile moja, linaloonekana huku na kusikika kule, ndilo linalozifunga pamoja. Bila kibao, picha ni bibi harusi na sauti ni bwana harusi, wamekaa nyumba mbili na hakuna aliyewaozesha.

Kugonga kibao ilikuwa kazi ya Riziki.

Walimkuta Bi Somoe amekaa uani, tambuu shavuni, panga mkononi, nazi za wali wa jioni miguuni pake, na tayari amewaanzia wajukuu hadithi. Mwanakheri akawasha kamera mbiombio. Shemdoe akawasha kinasa sauti. Riziki akakiinua kibao, akapiga hatua, akasita. Bibi wa watu kashaanza. Atamgongeaje mzee kibao usoni katikati ya maneno yake? Malezi yakamshika mkono. Akakificha kibao nyuma ya mgongo, akakaa chini pamoja na wajukuu, akasikiliza.

Msimcheke. Ni nani kati yenu angegonga?

Ilikuwa hadithi ya mwanamwali aliyeposwa na mvua. Mwanakheri aliusogeza uso wa Bi Somoe kwa kamera mpaka ukajaa wote, na nyuma ya bega lake likabaki dirisha la jiko, ambapo kuku mmoja alikuwa amejikalia. Mwalimu alikuwa amesisitiza waoneshe na mikono, lakini jicho la Mwanakheri lilikataa. Lilitaka ule uso, na kila kunjo lake. Alibana pumzi ili picha isitikisike, na haikutikisika.

Shemdoe naye, kabla hawajaingia uani, alikuwa ameshakwenda kwa jirani, mzee mkali asiyependa kuombwa kitu, akamsihi azime redio, na redio ikazimwa. Akarudi, akaunyoosha mti wa kipaza sauti juu ya kichwa cha Bi Somoe na hakuushusha mpaka hadithi ilipokwisha. Kesho yake alishindwa kuinua hata kijiko. Lakini hakuna neno hata moja la bibi lililopotea.

Kurudi chuoni ndipo Riziki alipoiona gharama ya adabu yake. Sauti ilikuwa safi, picha ilikuwa safi, na hazikukutana. Akajaribu kuifuata midomo, lakini midomo ya mtafuna tambuu haipumziki. Inacheza ikisema na inacheza ikinyamaza. Akiisogeza sauti mbele, inawahi. Akiirudisha nyuma, inachelewa. Bi Somoe akawa anatisha, mtu anayesemewa na mwingine. Wakapata alama za aibu, wakaiweka filamu kando, wakaendelea na masomo.

Mwaka ukageuka. Bi Somoe akaugua koo. Waganga wa hospitali walimwokoa maisha, lakini hawakuweza kumwokoa sauti. Alirudi uani pake, wajukuu wakaja mbio wakakaa, naye akafumbua kinywa, ikatoka pumzi tupu. Watoto walikuja tena, na tena, kisha wakaacha kuja. Hawakumchukia. Walishindwa kumtazama.

Mwanawe, Bwana Kombo, alikuwa Mombasa akiendesha studio ya picha. Watu walipoanza kujipiga wenyewe kwa simu, studio ikafa, naye akarudi kwao na begi la ngozi, ndani yake kamera moja nzuri kupita ile ya chuo. Akamkuta mama hasemi. Majirani walipomwambia kwamba kuna wanafunzi waliwahi kumrekodi, hakungoja hata kula, akaja chuoni.

"Shikamoo, baba," wakamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Nimeambiwa mnayo sauti ya mama yangu."

"Tunayo," akasema Shemdoe.

"Na uso wake tunao," akasema Mwanakheri.

Riziki alikuwa akiwaza kwamba viwili hivyo havijakutana.

Bwana Kombo akaliweka begi mezani, akalifungua. Mwanakheri akajiziba mdomo kwa mkono. "Hii mimi sina kazi nayo tena," akasema yule bwana. "Atakayemrudishia mama sauti yake, ni yake. Mmoja tu. Msiniambie mtaitumia kwa pamoja. Cha watu watatu hakina mwenyewe, kila mmoja hungoja mwenzake afute vumbi."

Hapo kila mmoja akaiona njia yake ya kesho imelala mezani ndani ya begi lile. Riziki aliliona duka la kanga likifungwa mlango.

Akatangulia Shemdoe. Alikwenda na sauti peke yake, akaicheza mbele ya bibi. Bwana Kombo aliposikia tu, machozi yakamtoka. Lakini Bi Somoe aliinamisha kichwa, akasikiliza, akageuka kutazama nyuma ya mlango ni nani anayesema, kisha akapunga mkono: si mimi. Sauti ya mtu masikioni mwake mwenyewe siyo tunayoisikia sisi, na yeye maisha yake yote hakuwahi kujisikia. Shemdoe akarudi kichwa chini.

Akafuata Mwanakheri na picha peke yake. Bi Somoe alijitambua papo hapo, akaugusa uso wake kwenye kioo cha kompyuta, akatabasamu. Kisha akaiona midomo ikicheza na hakuna kinachotoka. Ndiyo hali aliyokuwa nayo kila siku aliyoamka. Akajifunika kanga usoni. Mwanakheri akaizima picha, akalia njiani mpaka chuoni.

Akabaki Riziki. Akajifungia na feni yake. Akautazama uso bila sauti, akaisikiliza sauti bila uso, akaanza tena. Wenzake wakamletea chapati, akazisahau zikakauka. Ikafika mahali haoni tena Bi Somoe, anaona ngozi na mistari. Macho yakachoka na uso, yakahamia nyuma ya bega, dirishani. Hapo yule kuku akaruka.

Kuku ni kuku, akajisemea. Akaendelea. Baada ya kitambo kuku akaruka tena, akapiga mabawa, akatulia. Riziki akairudisha picha. Hakuna kitu mbele ya kuku cha kumshtua, na bibi mwenyewe hata ukope haukupepesa. Sasa huyu ndege anaruka nini?

Akavaa hedifoni, akafumba macho. Katikati ya maneno ya bibi ikasikika: ka! Baada ya kitambo tena: ka! Riziki akafumbua macho. Nazi! Bibi alikuwa akivunja nazi kwa panga huku akisimulia, mikono yake ikiwa chini, nje ya picha. Yeye kazoea, hashtuki. Kuku hakuzoea.

Akaisogeza sauti taratibu mpaka ile ka! ikaangukia pale kuku anaporuka. Akarudi nyuma kidogo. Akabonyeza.

"Mvua ikabisha hodi," akasema Bi Somoe. "Baba mtu akauliza, wewe nani unayebisha na mlango umeshalowa?"

Riziki alisimama, kiti kikaanguka. Neno lilikuwa limetoka mdomoni. Pumzi iliinua kifua, na kifua kikatoa neno, na neno lilikuwa lake. Mtu aliyekuwa amekatwa vipande viwili alikuwa amekaa mbele yake mzima, anatafuna tambuu, anacheka na macho. Mwili ulimsisimka Riziki hadi kwenye nywele. Alikuwa ameunga vipande vingi maishani mwake, na hakuwahi kuogopa alichokiunga. "Subhanallah," akasema. Akakaa chini sakafuni, maana kiti alikuwa hakikumbuki, akamwacha bibi aendelee mpaka mwisho bila kuthubutu kugusa kitufe.

Wakaenda Ngamiani wote watatu. Baada ya Alasiri, sebule ikafungwa madirisha na kuzibwa kanga, shuka nyeupe ikatundikwa ukutani, majirani wakajaa hadi kibarazani, yule mzee wa redio akiwa mstari wa mbele. Bi Somoe akakalishwa katikati, mwanawe kando yake.

Uso ukatokea ukutani, mkubwa kuliko mlango. Ukamtazama kila aliyekuwepo. "Mpo?" ukauliza.

Hakuna aliyepanga. Sebule nzima iliitika, "Tupo!" Na uso wa ukutani ukatikisa kichwa, umeridhika, ukaendelea na hadithi.

Riziki hakutazama ukutani. Alimtazama Bi Somoe. Mwanzo alikuwa ameshika koo kwa mkono. Kisha mkono ukashuka, midomo yake ikaanza kucheza, na kila neno lililotoka ukutani lilipita kwenye midomo ile kwa wakati uleule, mpaka usingejua ni yupi anayesema na yupi anayefuata. Wajukuu walikuwa wamerudi. Walikaa miguuni pake, wakitazama juu, mara ukutani, mara kwake. Bwana Kombo, mtu mzima na ndevu zake, alilia bila kujificha. Mzee wa redio alisema, "Mungu mkubwa," akarudia, "Mungu mkubwa." Na Riziki, aliyetaka tangu utotoni kujua ni nani anayewabeba watazamaji, aliiona sebule nzima imebebwa.

Hadithi ya mvua ikaisha. Madirisha yakafunguliwa. Bwana Kombo akalileta begi, na hapo mambo yakaharibika.

"Ulisema sauti, baba," akaanza Shemdoe. "Sauti hii dunia nzima iko mahali pamoja tu, kwenye mashine yangu. Nisingemsihi jirani, nisingeung'ang'ania ule mti, leo tungesikiliza redio."

"Sauti ulimpelekea, akaikataa," akasema Mwanakheri. "Alijijua kwa uso. Na huyo kuku aliyefungua mlango yuko kwenye picha ya nani?"

"Ungeonesha mikono kama ulivyoambiwa, tusingehitaji kuku!"

"Ningeonesha mikono, usingeuona uso. Na ni uso ulioitikiwa na sebule nzima."

Riziki akasema polepole, "Mlimpelekea sauti, akaikana. Mkampelekea uso, akajifunika. Vyote viwili vilikuwa vinamuumiza mpaka vilipokutana."

"Na vilitenganishwa na nani?" Mwanakheri akamgeukia. "Kibao alikificha nani, Riziki? Umetibu jeraha ulilolikata mwenyewe, sasa unadai ujira wa mganga?"

Riziki alijua neno lile lilikuwa la kweli. Hakuna hata punje moja ya picha ile aliyoipiga yeye, wala ya sauti aliyoinasa. Lakini alikumbuka pia kiti kilivyoanguka, na alijua kwamba kabla ya saa ile Bi Somoe huyu wa ukutani hakuwepo popote duniani. Akichukua kamera atajiona mwizi. Akiiacha atajiona mjinga nyuma ya kaunta ya kanga.

Mama mmoja akadakia kutoka kibarazani, "Mtoto alikosea kwa kumheshimu mzee. Na heshima nayo siku hizi ni kosa?"

"Kosa ni kosa!" akajibiwa na mwingine, na sebule ikagawanyika mafungu matatu, kila fungu likipiga kelele zake.

Bwana Kombo alitazama huku na huku. Alikuwa ameahidi mbele ya watu, na ahadi ni deni. Mwishowe akaitoa kamera begini, akaiweka mapajani mwa mama yake. "Mama, sauti ilikuwa yako," akasema. "Sema wewe."

Mara akasikia alichokisema, akauma mdomo.

Bi Somoe akamtazama Mwanakheri, akaligusa shavu lake mwenyewe kwa kiganja. Akamtazama Shemdoe, akagusa koo. Akamtazama Riziki, akaviunganisha vidole vya mkono huu na vya mkono ule, akavikaza. Alimtazama kila mmoja kwa kitambo kilekile, na machoni mwake hapakuwa na mkubwa wala mdogo.

Kisha akainuka. Akaishika kamera kwa mikono miwili, akawapita wote watatu, akaja hadi ukingo wa mkeka walipokaa wasikilizaji, akawanyooshea. Hakuwa na neno la kuwaambia. Alisimama akingoja wamtajie jina.

Riziki alifumba macho.

Bado amesimama, jamani. Mikono ile ni ya mzee, na kamera si nyepesi. Mmesikia lililofanywa na jicho, lililofanywa na sikio, na lililofanywa na subira. Je, wewe ungempa nani?